Dakika sabini na tano za kila alasiri

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 nchini Kenya zina kifungu kimoja ambacho wazazi wachache wamewahi kukisoma, na walimu wakuu wengi wangefurahi kikiendelea kutosomwa. Kinapanga siku ya mwanafunzi. Masomo ya darasani yanaanza saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa na nusu alasiri. Kutoka hapo hadi saa kumi na moja kasorobo, muda ni wa michezo, vyama na shughuli nyingine za nje ya darasa, iwe shule ni ya kutwa au ya bweni. Piga hesabu: dakika sabini na tano kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa sita na robo. Hakuna somo kwenye ratiba, si Hisabati wala Kiingereza, linalopewa muda huo.

Sasa simama kwenye ujia wa shule ya upili ya kawaida kengele ya saa tisa na nusu inapolia. Katika shule nyingi hakuna anayetoka. Mwalimu wa Hisabati anapishana mlangoni na mwalimu wa Kemia, ubao unafutwa, kipindi kingine kinaanza. Kwa jina ni masomo ya ziada ya wanaohitaji kusaidiwa. Kwa kweli ni darasa zima, na mara nyingine mzazi ameyalipia. Inapofika saa kumi na nusu hivi, wanafunzi wanaachiliwa wakafue soksi, wachote maji na kufagia. Aliyebaki na nguvu anapiga mpira robo saa. Ijumaa ndiyo siku ya vyama, na Ijumaa hiyo hiyo ndiyo walimu huwa na mkutano.

Ukilisema hili hadharani, utajibiwa kwa orodha. Mwalimu mkuu atakupeleka hadi kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya naibu wake akuonyeshe: Chama cha Kiswahili, mdahalo, drama, muziki, sayansi, wanahabari, Skauti, Msalaba Mwekundu, wanyamapori, wakulima chipukizi, Wakristo, Waislamu. Na si uongo, vipo. Vingine vina umri mkubwa kuliko taifa lenyewe. Uskauti uliingia Kenya mwaka 1910, na mwasisi wake, Baden-Powell, amezikwa Nyeri. Tamasha la Muziki lilianza mwaka 1927. La drama lilianza mwaka 1959, wakati Mwafrika bado haruhusiwi kuketi darasa moja na mtoto wa mlowezi. Vilabu vya wanyamapori vikaanza mwaka 1968. Urithi upo, tena mnono.

Ila orodha ni orodha tu. Kila aliyesoma bweni anajua jinsi uanachama unavyokwenda. Wiki za kwanza mono, yaani mwanafunzi mgeni, anajiunga na vyama vitano, kwa kuwa viranja wa vyama wanapita mabwenini wakinadi sera kama wagombea wa ubunge. Wiki ya nne amebaki katika kimoja: kile kinachokwenda fanki, hafla ya kutembelea shule nyingine. Chama cha mdahalo cha shule ya wavulana huwa na wanachama kumi na wawili mwezi mzima, kisha wanafika themanini juma ambalo barua ya mwaliko imetoka shule ya wasichana. Chama cha wanyamapori hufufuka siku tatu kabla ya safari ya Nakuru kutazama faru, na hufa basi likirudi. Sioni ubaya. Kijana wa miaka kumi na sita akiingia kwenye mdahalo kwa ajili ya fanki na akatoka akijua kusimama mbele ya watu mia tatu na kutetea hoja asiyoiamini, tumepata faida.

Swali langu ni jingine. Katika vyama vyote vile vya ubaoni, kwa nini viwili au vitatu huwa hai kweli, na vilivyosalia ni majina? Nimeliuliza katika shule nyingi, na jibu halijawahi kuwa fedha, wala vifaa, wala vipaji. Jibu huwa ni jina la mwalimu.

Miaka michache iliyopita niliketi nyuma ya bwalo la shule moja ya wasichana magharibi mwa Kenya, alasiri ya mazoezi ya tamthilia. Meza zilikuwa zimesukumwa ukutani, sakafu bado ina punje za githeri ya mchana, na mlangoni wapishi walikuwa wamejipanga kutazama bure. Mwalimu mlezi, mama wa makamo anayefundisha Historia, alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, viatu kando. Kandokando ya jukwaa (jukwaa lenyewe lilikuwa chaki tu sakafuni) alisimama msichana wa kidato cha pili aliyekabidhiwa vifaa vya mchezo. Alikuwa na daftari la Jiografia, na nyuma ya daftari hilo ameandika kwa mwandiko wa kubana: mkongojo, leso tatu, sufuria mbili, barua ya korti, redio.

Redio haikuwepo. Mwenye redio alikuwa amekwenda nayo nyumbani wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula na akairudisha bila betri wala kifuniko, kisha ikapotea kabisa. Na mchezo ulitegemea redio: ndimo familia inamosikia kwamba shamba lao limeuzwa. Waigizaji walisimama. Mmoja akapendekeza watumie simu ya mwalimu. Mwalimu akakataa, akanyamaza. Nilidhani atatoa jibu. Alikuwa nalo, niliona usoni. Hakulitoa.

"Mwalimu," akasema yule wa daftari, "si jirani apite tu akipiga kelele? Aseme amesikia kwa redio ya kwake."

"Jirani gani?"

"Yule wa onyesho la kwanza. Baada ya pale hana kazi tena, anakaa tu nyuma."

Mwalimu akamtazama jirani asiye na kazi. "Haya, jaribuni."

Wakajaribu. Jirani akapita mbio, akapiga ukelele wa habari mbaya, akaanguka kwenye ugo usiokuwepo, na bwalo zima, wapishi wakiwemo, likaangua kicheko mahali ambapo hapakuwa na kichekesho. Wakarudia mara nyingine, polepole, bila kuanguka. Safari hiyo hakuna aliyecheka. Onyesho lilikuwa zuri kuliko lilivyoandikwa, kwa kuwa aibu ya kuuziwa shamba huwa kubwa zaidi jirani akiijua kabla yako. Msichana akafuta neno redio kwenye orodha yake.

Hakuna mwongozo wa kusahihisha uliokuwa na jibu lile. Hakuna alama aliyopata. Ila alikuwa amekumbana na tatizo la kweli, akiwa na watu wanaomngoja, na mtu mzima pembeni aliyejua kunyamaza kwa wakati unaofaa. Kunyamaza huko ndiko kazi yenyewe ya mlezi, na ni kazi ya saa nyingi. Mama yule alifika nyumbani usiku. Aliniambia hivyo akicheka, huku akitafuta viatu vyake.

Walezi wawili wa Kenya wamepata kujulikana duniani, na inafaa kuwaangalia kwa pamoja.

Wa kwanza ni Bruda Colm O'Connell, raia wa Ireland aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha Jiografia katika St. Patrick's High School. Hakuwa kocha. Mwingereza aliyekuwa akisimamia riadha pale, Peter Foster, alipoondoka, kazi ikamwangukia yeye, kama ulezi wa chama unavyowaangukia walimu popote: nani yupo, nani hajakataa. Akaanza kusoma, na zaidi ya kusoma akaanza kutazama wavulana wakikimbia. Mwaka 1988, kwenye Olimpiki ya Seoul, Peter Rono aliyetoka shule ile akanyakua dhahabu ya mita 1500 akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1992, kule Barcelona, Matthew Birir akachukua ya kuruka viunzi na maji. Ibrahim Hussein akawa Mkenya wa kwanza kushinda Boston Marathon. Wilson Kipketer akaja kuiwakilisha Denmark na kuweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997. Na David Rudisha, aliyeanza kunolewa na Bruda akiwa kijana wa shule anayependa mita 400, akageuziwa kwenye 800. Mwaka 2012 mjini London akazikimbia kwa dakika 1 na sekunde 40.91, muda ambao hakuna mtu aliyewahi kuukimbia kabla yake.

Watu husema ni hewa ya Iten, mita 2400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ile wanaivuta wanafunzi wa shule zote za eneo lile. Iliyokuwa na Bruda Colm ni moja.

Wa pili ni Peter Tabichi, mwalimu wa Hisabati na Fizikia wa Keriko Mixed Day Secondary School, kijiji cha Pwani, Kaunti ya Nakuru. Mwaka 2019, mjini Dubai, alipewa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani na dola milioni moja, Mwafrika wa kwanza kuipata. Magazeti yaliandika sana kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Hayakuandika vya kutosha kwamba kilichomshindia tuzo kwa sehemu kubwa kilikuwa vyama vya shule. Shule ya kutwa, kompyuta moja, intaneti ya kubahatisha, darasa lenye wanafunzi hamsini na wanane kwa mwalimu mmoja. Tabichi akakipanua chama cha sayansi hadi wanafunzi wakafika kwenye maonyesho ya kitaifa ya sayansi na uhandisi mwaka 2018 na kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu. Kundi la Keriko likafuzu kwa maonyesho ya kimataifa ya Arizona. Jingine likatuzwa na Royal Society of Chemistry ya Uingereza kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya kwao.

Tena akaanzisha chama cha amani. Hapo ndipo mimi husimama. Eneo lile la Nakuru liliona damu baada ya uchaguzi wa 2007, na shule ina wanafunzi wa makabila saba. Mwalimu wa Fizikia akaona kwamba kabla watoto hawajaweza kushikiliana waya za jaribio moja, inabidi waweze kuketi pamoja. Wakajadiliana, wakapanda miti pamoja. Hakuna mtihani wa taifa unaopima jambo hilo, na katika kaunti ile sijui lipi lingekuwa la maana zaidi.

Sasa waweke pamoja. Mmoja ni bruda wa shirika la Patrician. Mwingine ni bruda wa Kifransisko. Wote wawili hawana mke, hawana mtoto anayengoja karo, hawana matatu ya kuwahi kabla giza halijaingia. Jioni zao walizitoa kwa Mungu siku walipoweka nadhiri, na Mungu akazikabidhi kwa wanafunzi. Nawaheshimu kwa moyo wote. Lakini mfumo wa elimu unaotegemea watawa ili vyama vyake viwe hai ni mfumo uliokaa vibaya. Hata Keriko, Tabichi hakuwa peke yake: walimu wenzake wanne walishirikiana naye kuwafunza watoto nje ya saa za darasa na mwishoni mwa wiki, na kuwatembelea nyumbani kwao. Hao wanne hawakupanda jukwaani Dubai, na mtu aliyesoma habari ile hawezi kukutajia jina la hata mmoja wao.

Mlezi wa kawaida ni yule mama wa bwaloni. Ulezi wa chama hauna mstari wake kwenye hati ya mshahara. Upo kwenye fomu za kumtathmini mwalimu, ajaze na kuambatisha ushahidi. Kwa hivyo mwalimu mwenye busara hupiga picha siku chama kinapokutana, akaiambatisha, na picha moja ikamtosha muhula mzima. Simlaumu. Anayeacha watoto wake wakingoja hadi saa mbili usiku ili watoto wa wengine wajue kuigiza, halafu mwisho wa mwezi analipwa sawa na aliyeondoka saa tisa na nusu, ataendelea mpaka lini? Wengi huendelea miaka mitatu au minne, kisha wanahamishwa. Na hapo ndipo unapoiona shule iliyokuwa bingwa wa kanda katika shairi la kwaya ikishindwa hata kufika kiwango cha kaunti. Wazazi husema shule imeshuka. Shule haijashuka. Mwalimu fulani amepelekwa kaunti nyingine.

Shule zenye uwezo zimepata njia ya mkato: zinakodi. Watunzi na wakufunzi wa drama wanazunguka kutoka shule hadi shule muhula wa kwanza, msimu wa tamasha, kila mmoja na miswada yake. Kazi huwa safi, na vijana wengi waliotoka chuoni bila ajira wamejikimu kwayo. Ila chama kinabadilika. Msichana wa daftari hapewi nafasi ya kumtafutia jirani kazi, kwani mkufunzi amelipwa kwa ajili ya tuzo, na tuzo haingoji mtoto afikiri.

Hapo ndipo kisa cha Butere kinapokuwa kigumu kuliko wengi wanavyokieleza.

Mwaka 2013 Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere ilikwenda tamashani na mchezo uitwao Shackles of Doom, mtunzi wake Cleophas Malala, kuhusu jamii moja inayojilimbikizia vyeo na mali ya wote. Ukapigwa marufuku kabla ya tamasha la kitaifa, kwa madai kwamba ungechochea chuki ya kikabila. Mwanaharakati Okiya Omtatah akakimbilia Mahakama Kuu, na marufuku ikaondolewa. Malala baadaye akawa seneta wa Kakamega, Omtatah seneta wa Busia. Ndiyo maana mimi husema chama cha drama kimetoa maseneta wengi kuliko chama cha sayansi ya siasa, ingawa wawili wenyewe hawakuwa wanafunzi.

Miaka kumi na miwili baadaye, shule ile ile, mtunzi yule yule, mchezo mwingine: Echoes of War, kuhusu vijana, teknolojia na watawala. Mambo yakajirudia kwa ukali zaidi. Mchezo ukaondolewa mashindanoni, Mahakama Kuu ikaagiza uruhusiwe, wasichana wakasafiri hadi Nakuru kwa tamasha la kitaifa la Aprili 2025. Usiku wa kuamkia siku ya kuigiza, Malala akakamatwa. Kulipokucha polisi walikuwa wamejaa nje ya ukumbi wa Kirobon Girls, wanahabari wamezuiwa, mabomu ya kutoa machozi yakarushwa. Wasichana wakaingizwa ukumbini kuigiza mbele ya viti vitupu, bila vyombo vya sauti, bila mwelekezi wao.

Waliokuwa upande wa serikali walisema mwanasiasa amewatumia watoto. Waliokuwa upande mwingine walisema serikali imewaogopa watoto. Mimi nakubali kwamba mtu mzima mwenye ajenda yake akiwapa wanafunzi maneno ya kusema, tunayosikia ni maneno yake, hata yawe ya haki kiasi gani. Na ningependa siku moja mchezo wa kutikisa nchi uandikwe na msichana wa kidato cha tatu. Ila angalia walichofanya. Wakasimama, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka, wakapanda basi. Hilo halikuwa kwenye muswada. Mtunzi alikuwa kizuizini. Walimu walikuwa chini ya macho ya polisi. Wasichana wenyewe waliamua, pamoja, kwa muda mfupi, mbele ya watu wenye nguvu kuwaliko, na wakachagua njia ambayo hakuna askari angeweza kuwapiga kwayo bila kuaibika. Uamuzi wa namna hiyo hautokei hivi hivi. Ni matunda ya majuma mengi ya kusimama bwaloni wakisubiriana, wakijua nani hufuata nani, nani huanza wimbo.

Fedha nimesema si jibu, lakini nisizipuuze kabisa. Serikali huipa shule ya kutwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, zikifika, tena hufika kwa vipande na zikiwa zimechelewa. Sehemu ya shughuli za nje ya darasa ni ndogo, na ndiyo ya kwanza kukopwa madeni ya mahindi yakizidi. Basi la shule haliruhusiwi kutembea usiku, kwa hivyo tamasha la siku moja linageuka kuwa la siku mbili, na mlo na malazi juu yake. Shule za kutwa za vijijini, ambazo ndizo zenye wanafunzi wengi, huishia kiwango cha zoni si kwa kushindwa bali kwa kukosa mafuta ya basi, au basi lenyewe.

Kubwa kuliko fedha ni wastani wa KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Wastani ukishuka kwa pointi kadhaa, mkutano wa bodi hauulizi kama walimu wanatosha. Unauliza wanafunzi walikuwa wapi. Walikuwa kwenye drama. Mwaka 2016, baada ya kashfa za wizi wa mtihani, Fred Matiang'i, Waziri wa Elimu wa wakati huo, alipiga marufuku michezo, siku za maombi na ziara za wazazi muhula wa tatu. Sababu ilikuwa kulinda mtihani, na mtihani ulilindika. Lakini shule nyingi zilijifunza somo jingine: kwamba unaweza kukata muhula mzima wa vyama na hakuna mzazi atakayelalamika. Tangu hapo wa kidato cha nne huondolewa mapema zaidi. Kuna shule ambazo anayeingia mwaka wa mwisho hukabidhi uenyekiti wa chama Januari, kana kwamba anastaafu.

Na si kweli kwamba vyama huiba alama. Keriko penyewe, kwa mujibu wa taasisi ya Varkey inayotoa ile tuzo, waliofuzu kwenda vyuoni walikuwa 16 kati ya 59 mwaka 2017, na mwaka uliofuata 26 wakaenda chuo kikuu na vyuo vingine. Mwanafunzi aliyekaa wiki tatu akijaribu kupata umeme kwenye mmea hahitaji kukaririshwa saketi. Sisemi drama itampa mtu A ya Hisabati. Nasema saa ile aliyoongezewa ya Kemia, akiwa amechoka tangu alfajiri, haimpi pia.

Sasa kuna jipya. Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia shule za upili za juu chini ya mtaala wa umilisi, na wakapewa njia tatu za kuchagua: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Njia hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa vyama. Riadha, muziki, uigizaji, uchoraji, vyote vimevuka kutoka alasiri hadi asubuhi, vikapata vitabu, walimu na alama. Nimewasikia walezi wa zamani wakishangilia, na wana haki. Hatimaye kazi yao ina jina na kipindi.

Mimi nina wasiwasi wa aina mbili. Kwanza ni yule aliyechagua sayansi. Watatu kati ya waliounda kundi la muziki la Sauti Sol, Bien, Chimano na Savara, walikutana Upper Hill School, Nairobi, wakiimba nje ya masomo. Je, mfumo ungewauliza mapema kama wao ni wa muziki au wa Fizikia, wangekutana? Chama kilikuwa mahali ambapo hukulazimika kuchagua. Ukisema sanaa ina njia yake, ni rahisi sana kumwambia mwanafunzi wa njia nyingine kwamba alasiri haimhusu, arudi maabara.

Wasiwasi wa pili ni alama zenyewe. Kitu kikipimwa, mwalimu atafundisha kinachopimwa. Msichana wa daftari akiwa katika mtihani wa Uigizaji na redio ikakosekana, ataandika kwamba vifaa havikutosha, na atapata alama kwa kulitambua tatizo. Jirani hatapita.

Haya yote hayasemwi kwenye mkutano mkuu wa wazazi. Ajenda huanza na matokeo, ikafuata karo, ikafuata ujenzi wa bweni, na vyama hutajwa kwenye mengineyo wakati wazazi wameshaanza kutafuta miavuli. Lakini ni pale pale ambapo mambo mawili yanaweza kuamuliwa bila kungoja wizara. Moja ni kuuliza, ikaandikwa kwenye kumbukumbu, shule inafanya nini kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na moja kasorobo, na kwa nini haifanyi kilichoandikwa kwenye kanuni. Pili ni kumpunguzia mlezi vipindi, au zamu za usiku, au kumtafutia nauli ya jioni, kwa fedha zile zile ambazo wazazi hawakuona tabu kuzichanga kwa masomo ya ziada.

Shule chache ninazozijua zimefanya hilo la pili. Mwalimu mlezi anaondolewa zamu ya wikendi msimu wa tamasha, na aliyechukua zamu yake anapunguziwa vipindi muhula ufuatao. Halikuhitaji kibali cha Nairobi; naibu mwalimu mkuu alikaa na ratiba na kalamu ya risasi. Kundi lile la kwanza la Gredi ya 10 litafanya mtihani wake wa mwisho mwaka 2028, na ratiba ya alasiri zao zote hadi hapo bado iko mezani pa naibu.